Kansa ya Pili

Tarehe tisa Juni mwaka jana nilimpoteza mume wangu, hapa Johannesburg, kwa kansa ya ini. Tulipanga vyumba viwili Rosettenville, nyuma ya duka la Mreno, na bado nakaa hapo. Yeye alikuwa mlinzi, mimi nashona nguo. Shule niliiachia darasa la sita, kwetu Uvira, Kongo.

Mdogo wake wa kike alisoma zaidi. Sekondari alichukua Kilatini na falsafa, na ingawa sasa anasuka nywele Joubert Park, Kilatini hakikumtoka. Kaka yake alipolazwa kitandani, alikuja kila Jumapili na kukaa pembeni yake. Mimi nilikuwa jikoni, na ukuta wetu ni mwembamba.

"Kansa ni kaa, kaka," alimwambia siku moja. "Warumi waliona uvimbe umetanua mishipa kama miguu, wakauita kaa."

"Nimekula samaki wa ziwa miaka yote. Leo kaa ananilipizia."

"Wafaransa nao wakalitoa neno hilo hospitalini, wakalitembeza. Rushwa ni kansa. Ukabila ni kansa. Chochote kinachokula kutoka ndani. Hata virusi, kwa Kilatini ni sumu tu. Leo bwana harusi akianguka kwenye video, wanasema inasambaa kama virusi."

"Eish. Maneno ya ugonjwa yanapata kazi ya pili Ulaya, na mimi hapa kupata hata hiyo moja kulinitoa jasho."

Wakacheka. Kwangu mimi mume wangu alikuwa anauliza tu kama hita imezimwa, kama mtoto wetu amekula. Nilimwonea wifi yangu wivu, na si kidogo. Siku nyingine nilipeleka uji ukiwa bado wa moto sana, ili tu wanyamaze.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, mtu mmoja husimama na kueleza ugonjwa, tangu ulivyoanza hadi pumzi ya mwisho. Niliitaka nafasi hiyo. Nilimwogesha mimi, nilimgeuza mimi, na alipokata roho kichwa chake kilikuwa kwenye mkono wangu. Wiki nzima, nikiwa kwenye cherehani, nilipanga nitakavyosema.

Siku ilipofika, baba mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo hapa mjini, alinigeukia mbele ya watu.

"Mama, wewe umechoka. Wifi yako ataeleza. Anayajua maneno ya madaktari."

Nikasema ndiyo, baba.

Alieleza vizuri. Ningependa kuandika kwamba alikosea mahali, lakini hakukosea. Alitaja maumivu ya kwanza, picha walizompiga, siku macho yalipogeuka manjano. Aliwaambia pia kwamba mimi sikulala, akanitaja kwa heshima. Kisha akasema:

"Kaka aliniambia, mimi nina kansa mbili, dada. Moja ya ini, nyingine ya woga. Na hii ya pili ndiyo iliyoanza kunila."

Mama mmoja wa kanisani akashika kichwa. "Maskini, mtoto wa watu." Wengine wakalia. Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia mkeka, najiuliza woga gani. Kwangu hakuwahi kutaja woga hata mara moja. Kwangu alisema, "Nitapona, wewe shona tu." Mtu niliyelala naye miaka yote hiyo alipata neno la kuubebea woga wake, akampa mwingine.

Watu walipokula na kuondoka, tulibaki wawili jikoni. Mimi naosha, yeye anapangusa.

"Alikwambia lini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Ya woga."

Akapangusa kikombe. "Jumapili moja. Ulikuwa umekwenda kanisani."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Wifi, sijui. Alisema wewe ukimwona anaogopa, hatakuwa na pa kujificha."

"Akasema nini tena?"

"Kwamba nisikwambie."

"Na leo umewaambia watu wote."

"Nimewaambia," akasema. "Nilichoka kubeba peke yangu."

 Nilisuuza sahani nikampa, naye akaipangusa, akaiweka juu ya zingine.