Kitenge Kilichotolewa Juani

Mama yangu alikuwa ameshafika Sumbawanga mara nne, na mara zote nne alikuwa mgonjwa. Analetwa kutoka kijijini kwetu Kate amelazwa kwenye gari, anateremshwa hospitali, akipata nafuu anarudishwa. Kwa hiyo mwaka ule, baada ya kuuza maharage yake, alinipigia simu: "Safari hii nakuja kutembea. Nataka niuone mji nikiwa nimesimama." Akaongeza kwamba atanunua kitenge cha komunyo ya kwanza ya binti yangu, na atakichagua mwenyewe, nisimchagulie.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Siku ile zilianzia stendi. Mama ndiyo kwanza anashuka, wapiga debe wawili wameshamdaka, mmoja mkono, mwingine mkoba, kila mmoja anamvutia kwenye gari lake. Hivi jamani, mtu anashuka nyie mnampandisha? Nilimchapa mmoja mwamvuli wa mgongo mpaka mwamvuli ukapinda. Alinigeukia ngumi juu, akaona macho yangu, akaishusha.

"Mwanangu, wewe utakuja kuua mtu," mama alisema. Kisha akamgeukia yule kijana na kumpa pole.

Tukatembea. Kanisani alipiga magoti mpaka mimi nikachoka kwa niaba yake. Kwenye jengo la ghorofa alipanda ngazi ameshika ukuta kwa mikono miwili, akafika juu, akacheka peke yake. Hayo niliyapenda. Kilichonimaliza ni salamu. Kila tuliyepishana naye, mama anasimama, anamjulia hali, anamuuliza wa nyumbani, mashamba je, mvua je. Watu wazima walimjibu, vijana walicheka. Mchana nikampeleka mgahawani, akatoa viazi vya kuchemsha kwenye mkoba, akavigawa kwa watu wa meza ya jirani, na mhudumu amesimama anatutazama.

"Mama, unaniaibisha! Hapa mjini!" nilimwambia kwa sauti, watu wakasikia. Alikusanya maganda akayarudisha kwenye mkoba.

Tulifika duka la vitenge nikiwa nimeshaiva. Lilikuwa duka refu, lenye giza, na binti mmoja akiuza. Mama alishika kitenge cha bluu, akakipapasa, akakikunja na kukikunjua. Mimi nilikuwa ndani kabisa nikibishana na yule binti kuhusu bei ya lesi.

Sasa, kwetu kijijini kitenge hakinunuliwi gizani. Unakitupia begani, unatoka nacho nje, unakitazama juani. Anayepita anakwambia kinakufaa, mwingine anakwambia hicho kitachuja. Mwenye duka hata hainui kichwa, anajua utarudi. Mama hajawahi kununua nguo kwa njia nyingine. Mbele ya duka palikuwa na kivuli, jua lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo akavuka.

Binti wa duka aligeuka, akaona bega la bluu likivuka barabara, akapiga ukelele. "Mwizi!"

Neno hilo halisubiri maelezo. Kabla sijafika mlangoni mtu alikuwa ameshampiga mama ngwala. Alianguka kifudifudi na kitenge kikamfunika kichwa. Mwingine alikikanyaga kile kitenge na kichwa kikiwa ndani. Wakaja wa mateke. Akaja mmoja na mpini wa jembe, akampiga mgongoni, na nilisikia ule mlio. Kilemba kilitoka, mvi zikaonekana, nikadhani mvi zitamwokoa. Thubutu! "Bibi mzima huna haya!" mwanamke mmoja alisema, akamrushia jiwe. Nyusi ilipasuka, damu ikaingia jichoni.

Nilijitosa. "Ni mama yangu! Mwacheni, ni mama yangu!"

"Kumbe mko wawili!" Nilipigwa ngumi ya mdomo, nikavutwa nywele, nikatupwa kwenye mtaro. Yule binti wa duka alikuwa analia, "Nguo nimeiona, jamani, basi, mwacheni," lakini nani amsikilize. Nikamsikia mtu akimwambia bodaboda atoe petroli kidogo.

Hapo ndipo akili ilinijia, sijui kutoka wapi. Nilivua kitambaa kichwani, nikafungua khanga ya kiunoni nikajifunga mabegani, nikazunguka upande wa pili ambako hawakuwa wameniona. Nikaingia kwa viwiko na matusi.

"Huyu ni wangu! Kaniibia na mimi! Mwezi mzima namsaka, leo ananipeleka kwenye vitu vyangu!" Nikamkamata shingoni, nikamwinua. Alinitazama kwa lile jicho moja lililokuwa zima. Nikampiga kofi. Watu wakashangilia. Nikampiga la pili. Wakacheka, wakafungua njia, maana mwenye mali amefika. Nikamburuta hadi kwenye bajaji, nikapiga kelele, "Polisi!" Tulipokata kona nikamwambia dereva hospitali, na alikuwa ameshageuza kabla sijamaliza.

Mbavu mbili zilivunjika, na nyusi ilishonwa. Kwa mara ya tano mama alilazwa Sumbawanga. Nilikaa kando ya kitanda nikilia, mdomo umevimba, nikimweleza jinsi nilivyotafuta hila, kwamba kama nisingempiga wasingeniachia. Nilitaka anisifu. Ndiyo, nilitaka.

"Nilijua," alisema. "Kofi la kwanza nilijua unanitoa. Nikasema moyoni, huyu ni mwanangu, ana akili."

Nikamshika mkono. Hakuutoa, lakini hakunishika.

"La pili lilikuwa la nini?"

Nikamwambia na lile pia lilikuwa la kuwadanganya, ili waamini vizuri. Nilisema haraka.

Mama alingoja nimalize. "La kwanza mkono wako ulitetemeka," alisema. "La pili haukutetemeka."