Mama Shoka na Kimya cha Kibarazani

Alikuwa na bucha yake mwenyewe, na jina la Mama Shoka alilipata humo, kwa kazi yake. Mfupa wa paja aliupasua kwa pigo moja huku foleni ikimpigia kelele, huyu anataka ini, yule analalamikia mafuta, na wote anawajibu bila kuinua macho. Mkono haukumtetemeka hata siku moja. Sasa nenda ukamtazame kwenye gofu!

Gofu yenyewe aliianza kwa hasira tu. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alimwambia mbele ya ukoo mzima, "Kule klabuni kwetu hawaingii watu wanaonuka mifupa." Basi. Kulipokucha tu akaenda kujiandikisha.

Pale kila mgeni wa mchezo hupimwa. Anasimama chini ya kibaraza wanachama wanakonywea chai, aupige mpira uvuke mtaro. Akiweza, kiwanja ni chake. Akishindwa mara tatu, anarudishwa kupigia kwenye wavu nyuma ya stoo, mwaka mzima. Mama Shoka alikwisha kushindwa mara mbili. Mara ya kwanza fimbo ilipiga hewa. Ya pili ilichimba udongo kama jembe, mpira ukabaki juu ya kijiti chake unamtazama.

Siku ya tatu wifi alikaa kiti cha mbele kabisa.

"Wifi yangu, leo shoka umeliacha wapi?"

"Nyumbani. Ningekuja nalo, ungekaa mbali kidogo."

Watu wakacheka. Nahodha wa klabu akainua mkono, wote wakanyamaza kama maji ya mtungini, maana gofu ina adabu hiyo: mtu akitaka kupiga, hakuna hata kukohoa.

Na hapo ndipo alipokwisha. Viganja jasho, fimbo inateleza. Kijiko kikagusa sahani huko juu, akahisi macho yote yamemganda mgongoni. Mara ya mwisho watu kumnyamazia hivyo, walikuwa wamemletea habari za mumewe.

Akashusha fimbo, akawageukia.

"Mbona mmenyamaza?"

"Ni heshima, mama," nahodha akasema.

"Heshima gani? Tangu nifike mnaniteta, leo ndiyo mmeota adabu? Haya, semeni! Wifi, ulimi umeumeza?"

"Mama, kanuni zinakataza..."

"Zinawakataza nyinyi. Mimi zinanikataza nini?"

Akaurudia mpira, akasimama kama anavyosimama mbele ya gogo lake la kukatia nyama. Wifi akashindwa kujizuia.

"Piga basi! Au unangoja mzani?"

"Ngoja zamu yako, foleni unaiona!"

Alijibu bila kuinua macho, na mkono ulikwisha kushuka. Mpira ukatoka vibaya, chini chini, kama panya aliyefukuzwa jikoni. Ukagonga ukingo wa mtaro, ukaruka, ukaangukia ng'ambo.

"Bahati tu," wifi akasema.

"Umevuka," nahodha akasema, uso umemkunjamana. "Lakini uwanjani, mama, ni kimya."

"Basi nipeni wifi huyu anibebee mfuko wa fimbo. Anitete njia nzima, nitafika mbali."

Wifi akageuza kiti, akawapa mgongo. Mama Shoka akaokota kijiti chake, akakipangusa kwenye sketi, akavuka mtaro bila kumuaga mtu.