Fundi Chozi Aposa

Mtaa ulimbandika seremala yule jina la Fundi Chozi, na ilikuwa kwa heshima. Jicho lake la kushoto lilitiririka asubuhi hadi jioni, na kwa kuwa lilianza muda mfupi baada ya mkewe kufariki, watu walishakata shauri: mwanamume bado anaomboleza. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimtoa kama mfano kwa mumewe. "Ona wenzako wanavyopenda!"

Sifa ni tamu, ila seremala wa watu alikuwa hoi kwa mshonaji wa mlango wa pili, mwanamke mwenye kicheko cha kutikisa bati. Alipojikaza akamposa, mshonaji alilitazama lile jicho, akatikisa kichwa.

"Fundi, nakupenda. Lakini nikae na mtu anayemlilia mwenzangu hata akiwa anakula?"

"Ni ugonjwa, jamani!"

"Ndiyo. Ugonjwa wa mapenzi."

Basi huyo, mguu mosi mguu pili hadi hospitali. Daktari, dada mmoja mcheshi, alimwambia mfereji unaopeleka machozi puani umeziba, ndiyo maana yanamwagikia shavuni. Angeingia puani na kamera nyembamba, atoboe kijifupa, afungue njia mpya.

"Jicho ndilo bovu, daktari, unaingilia puani?"

"Wewe fundi, kitasa kikigoma hujawahi kupita dirishani?"

Hapo seremala akaelewa, akacheka mpaka akaambiwa atulie.

Baada ya upasuaji aliamka pua imevimba, usoni hana hata mkwaruzo. Katazo lilikuwa moja: asipenge kamasi mpaka aruhusiwe. Siku ya ruhusa alipenga kwa nguvu zote, na upepo ukamtoka jichoni, fyuu! Daktari akasema ni kawaida, njia iko wazi. Mtu mzima akapenga tena, kwa raha zake tu.

Kutoka pale, moja kwa moja kwa mshonaji.

"Nitazame!"

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema mshonaji, lakini cherehani ilishanyamaza. Akamgusa shavu. Kavu.

"Marehemu nilimlilia, tena sana," seremala akasema. "Nikamaliza. Yaliyobaki yalikuwa ya mfereji."

Mshonaji akaifunika cherehani.

"Basi tuoane upesi, kabla haujaziba tena."

Furaha ikamjaa seremala kifuani, ikapanda, ikamwagika kwa macho yote mawili. Mshonaji akainua nyusi.

"La, la, la!" seremala akapiga kelele, akijifuta huku anacheka. "Haya ni yako! Yote ni yako!"