Shoka la Akina Lefiman Wawili

Mzee Lefiman alikula jasho la mwani. Maji yakitoka pwani ya Tirúa, aliingia miambani na kisu, akakata ule mwani mnene kama mkia wa ng'ombe, akauanika mchangani, akaufunga mafungu na kuupakia kwenye mkokoteni wa maksai. Halafu ndiyo safari ya bara, huku akibadilisha mwani kwa unga, kwa viazi, na mara moja kwa mbwa ambaye hakubweka hata siku moja. Nilimjua kwenye safari hizo, maana nami nilikuwa mtu wa njia. Maksai hawana haraka; mtu wa miguu huenda nao sambamba na mazungumzo yasikatike.

Kitu kimoja tu hakukibadilisha na chochote. Lilikuwa shoka la jiwe, jeusi, pana kama kiganja, lina tundu juu la kupitishia ugwe. Wamapuche, wenyeji wa pwani ile tangu kabla ya Wahispania, huliita toki, na zamani aliyelivaa shingoni ndiye aliyeongoza vita. La mzee lilikaa ndani ya kifuko cha sufu, likining'inia juu ya moto, likila moshi.

Bibi yake alimwambia utotoni kwamba lilikuja na watu wa baharini, waliotokea upande jua linakozama, nao wakaja na kuku wasio na mkia wanaotaga mayai ya buluu. Kuku hao mkewe Clorinda alikuwa nao tele. Mgeni akiibishia hadithi, mzee alikwenda bandani akarudi na yai.

"Hili nalo nimelipaka rangi mimi?"

Toki lilifuata jina. Kwa Wamapuche mtu mzima humpa mtoto jina lake hadharani, kondoo akachinjwa, na kuanzia hapo wawili hao ni somo na somo mpaka kaburini. Babu wa mzee alikuwa Lefiman. Mzee naye akampa jina mjukuu wake. Na bondeni kwao masomo wa jina ni mdomo mmoja. Mmoja akiugua, mwenziwe huenda mkutanoni badala yake, na akisema "Lefiman amekubali," basi limekubaliwa. Hakuna wa kuuliza Lefiman yupi.

Lefiman mdogo alisoma, akapata kazi kwenye jumba la makumbusho huko bara. Alikuwa ameshaanza kuota mvi siku alipokuja na gari, akavuta kigoda karibu na moto.

"Somo," akamwambia babu yake, "kuna wataalamu wanataka kujua kama watu wa visiwa vya katikati ya bahari walifika huku kabla ya Wahispania. Wao nao shoka lao huliita toki. Nipe letu likapimwe."

"Kwani lina homa?"

"Labda lina mimba," akasema Clorinda, akigeuza maandazi kwenye mafuta.

"Bibi, acha hizo! Wanalipiga picha, wanalitazama."

"Wanalitazama kwa kitu gani?" mzee akauliza.

"Kwa macho, kwa hadubini."

"Msumeno je?"

Mjukuu akasogeza kuni motoni. Mzee akamkumbusha jambo alilolijua tangu utoto: toki ni kitu hai. Ukilikata umelichinja. "Na atakayerithi atarithi mzoga. Huyo ni wewe."

"Halikatwi, somo."

"Sema kwa jina."

"Mimi Lefiman nasema halitakatwa."

Mzee akalitungua mwenyewe. Clorinda akaongeza mayai ya buluu ya njiani.

Msimu wote ule wa baridi mzee alitembea kama baba wa bibi harusi. Kila tuliposimama kunywesha maksai, aliwaambia watu jiwe lake limekwenda kuulizwa kwao.

"Kwao wapi?"

"Ng'ambo. Likirudi litatuletea salamu."

Lilirudi kwenye kisanduku chenye pamba. Safari hii mjukuu hakuketi. Mzee akafungua, akalikuta limekatwa pembe moja ya makali, mkato mnyoofu kama wa jibini, na ndani kijivu. Akaweka kidole gumba pale palipokatwa.

"Nani?"

"Somo, bila kukata kipande chembamba huwezi kujua jiwe limetoka mlima gani. Wanakiangazia taa, wanaona—"

"Nimeuliza nani."

"Wao walikataa kukata mpaka mwenyewe akubali. Nikawaambia Lefiman amekubali."

Clorinda akaweka mwiko chini. "Lo! Kwani Lefiman alikuwa mgonjwa? Alikuwa amekufa?"

"Sikusema uongo, bibi. Ni desturi yetu. Mdomo mmoja."

"Desturi ya kumbebea mgonjwa neno, wewe umeifanya kisu!"

"Nilikuwa nimeshaahidi kusimama mbele ya wataalamu. Ningesimama na nini? Na hadithi ya wazee?"

"Na jiwe limesemaje?" mzee akauliza.

Mjukuu akatazama moto. "Ni la huku huku, la milima hii nyuma yetu. Si kwamba watu wale hawakuja, somo. Habari za kuku bado wanabishana. Ila jiwe hili si lao."

Mzee akalirudisha kwenye pamba taratibu.

"Lilikuwa lako," akasema. "Ningekufa tu, ungelichukua, ungelisaga unga ukipenda. Ulishindwa kunisubiri nife?"

Lile la jiwe kuwa la huku huku alilimeza. Baada ya siku chache alikuwa akilifanyia mzaha njiani, kwamba kumbe zile salamu zilikuwa za jirani. Kilichomkaa kooni ni kingine, na aliniambia mara moja tu, akiwa ameshika kamba ya maksai.

"Nilikuwa miambani, miguu majini, nakata mwani. Na huko mjini, saa ileile, nasema ndiyo."

Mjukuu aliomba radhi kama inavyopasa. Alileta kondoo, akasimama mbele ya watu wa bonde na kulia bila kujificha. Mkuu wa bonde alikuwa ameshasema kwamba jina halivuliwi kama poncho, lile blanketi la kuvaa. Mtu akipewa amepewa.

"Kondoo nimempokea," akasema Mzee Lefiman. "Ni mnono." Watu wakacheka, wakadhani yamekwisha. "Ila mdomo huu hautoshi watu wawili tena. Somo, jina lichukue wewe, lote, na jiwe lake. Mimi sinalo."

"Sasa sisi tukuite nani?" mtu akauliza.

"Msiniite. Nikihitajika mtaniona."

Tukadhani ni hasira, itapoa. Clorinda akawa anamwita "wewe", na yeye akaitika.

Mwaka uliofuata niliuona mkokoteni wake mbele yangu kwenye njia ya Carahue. Kwa mazoea nikapaza sauti: "Lefiman! Ee, Lefiman!" Hakugeuka. Nikakimbia mpaka nikamfikia, nikashika ubao wa mkokoteni. Akasimamisha maksai, akanisogezea nafasi niweke mzigo wangu.

"Huyo anaishi mjini," akaniambia kwa upole. "Ukifika, muulizie kwenye makumbusho."