Ziwa Langu Mbele ya Akida

Mpaka leo nikikumbuka kicheko cha baraza lile, damu inanichemka. Nilizaliwa ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na marehemu mume wangu akanileta kwao Morogoro alipomaliza kazi ya upagazi. Alipofariki, mama mkwe aliniachia bustani ya mchicha na mahindi kando ya mto, nilee wanangu wawili. Sikuwa na kingine.

Asubuhi moja nilishuka kuchota maji nikamwona jirani yangu, mtu mzima wa kanzu safi siku zote, akiyabiringisha mawe ya mpaka. Nusu ya bustani yangu, ile ya chini yenye rutuba, ikawa yake. Nilimshtaki kwa akida, ambaye Wajerumani walimweka atuamulie mashauri. Shahidi sikuwa naye ila macho yangu.

Siku ya baraza jirani hakugusa habari ya mawe. Alianza na ziwa.

"Bwana Akida, bibi huyu katuambia mwenyewe, kwao kuna maji hayana ng'ambo, tena hayana chumvi. Eti moshi unatoka majini, nao wanaukamata kwa vikapu, wanaufinyanga mikate, wanakula! Eti samaki wa huko wanaficha watoto mdomoni. Macho yaliyoona hayo ndiyo yaliyoniona nikihamisha mawe?"

Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Kweli niliyasema, tena kwa furaha, tukipalilia pamoja, kwa sababu mtu akikumbuka kwao husema. Ule si moshi, ni wadudu wadogo wasiohesabika wanaoinuka ziwani kwa pamoja. Tunawakusanya, tunawaponda, tunawachoma. Na samaki mama hufungua kinywa vitoto vikaingia, hatari ikipita vikatoka. Nimeyaona hayo tangu sijajua kujifunga nguo.

Akida alikuwa mtu wa pwani. "Mimi nimezaliwa kando ya bahari, bibi," akasema. "Maji yasiyo na ng'ambo yana chumvi. Anayedanganya kwa maji atadanganya kwa mawe."

Shauri likaishia hapo, nusu ile ya bustani ikabaki kwa jirani. Mjinga yule! Hakuwahi kuona hata robo ya nchi hii, akayapima maneno yangu kwa ufuko wa kwao. Husemwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nilinyongwa tu.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, alikuja Mjerumani mmoja aliyekuwa amefanya kazi Nyasa. Wanawake tuliamriwa kumpelekea maji. Nilifika na mtungi kichwani nikamkuta akimsimulia akida kwa Kiswahili chake cha kukatakata: amekunywa maji ya ziwa lile kwa viganja, na mkate wa wadudu ameuonja.

"Kweli kabisa, bwana," akida akaitikia. "Ziwa lile tunalisikia. Ni ajabu ya Mungu."

Tunalisikia! Kutoka kwa nani? Nilitua mtungi kwa kishindo.

"Shikamoo, Bwana Akida. Kumbe ziwa lipo. Basi na mawe yangu?"

Hakunitazama. "Shauri lile limekwisha, bibi. Mimina maji."

Nikamimina. Mjerumani akanywa, akasema ni matamu, akauliza yamechotwa wapi. Akida akamjibu, bila hata kumeza mate, kwamba ni ya mtoni, penye bustani ya jirani yangu.