Shosho ameng'oa managu ya darasa la tatu

Jamani, leo shosho yangu ameng'oa mboga za wanafunzi wangu. Laini nzima ya shamba!

Nafundisha shule ya msingi huku mtaa wa Satellite, Riruta. Nilimwalika aone shamba letu la shule kwa sababu yeye alisoma hapa Riruta miaka ya hamsini, na husema hata wao walikuwa wakilima shuleni.

Nikaenda kuchukua fimbo ya kupimia laini. Kurudi, nampata amepiga magoti, managu yote iko chini, mizizi juu. Managu ambayo watoto wameimwagilia tangu mvua ilipokatika!

"Shosho, unafanya nini?" Nilipiga kelele, siwadanganyi.

"Nang'oa magugu, mwalimu."

Mwalimu? Mimi, mjukuu wake?

Ndipo nikakumbuka hadithi zake. Enzi zao shamba la shule lilikuwa la kabichi na karoti za kupelekea wazungu Lavington. Mboga za kienyeji kama managu zilihesabiwa magugu, na ukiziacha kwa laini yako unachapwa viganjani.

Shosho akasimama polepole. Akajipangusa udongo, akaninyooshea viganja vyote viwili, akafunga macho.

Mkononi nimeshika ile fimbo.

Watoto waliokuwa wakitazama walidhani ni mchezo. Wakajipanga nyuma yake, viganja mbele, wakicheka.

Fimbo niliitupa mbali.

Nyinyi niambieni, mngeanza kuongea na nani? Watoto, ama yeye?