Barua ya Maabara Iliyolala Mahabusu

Kwa siku kumi na moja nilimzuia mama mmoja wa kijiji cha Mofu asipande mpunga wake, na nilifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa.

Wakati huo nilikuwa nimejitolea kusimamia kompyuta za chama chetu cha wakulima hapa Ifakara. Kujitolea ni neno la heshima. Ukweli ni kwamba mkutanoni mtu aliuliza nani amesoma chuo kikuu, nami nikachelewa kuinamisha kichwa. Hakuna aliyeuliza nilisoma nini. Nilisoma historia.

Kazi yangu ya kwanza ilitokana na barua pepe ya uongo. Mtu tusiyemjua alitumia jina la mwenyekiti kuahirisha kikao, na wajumbe wa Masagati wakabaki kwao. Nikaambiwa nihakikishe jambo hilo halitokei tena. Nikasoma majuma mawili, kisha nikaweka proksi: seva ndogo inayokaa mbele ya seva ya barua pepe kama mlinzi wa geti, ikikagua saini ya kila barua inayoingia. Saini hii si jina lililochorwa kwa kalamu. Ni hesabu ambayo seva ya mtumaji huifanya juu ya maneno yote ya barua. Ukiongeza hata nukta moja njiani, hesabu haikubali. Barua ambayo saini yake imeharibika niliielekeza kwenye folda niliyoipa jina la Mahabusu. Zisizo na saini kabisa niliziacha zipite, maana watu wengi wadogo hawana seva za kutia saini.

Ofisini alikuwapo mama wa masjala, aliyestaafu serikalini na kuja kwetu na kanuni zake zote. "Barua isiyogongwa muhuri haijafika," alikuwa akisema. Akataka na hizi za kompyuta zigongwe. Nikaona ni jambo dogo la kumfurahisha, nikaiagiza proksi iandike chini ya kila barua: Imepokelewa, na tarehe. Na kwa kuwa masjala hugonga kwanza ndipo husoma, nami nikapanga vivyo hivyo. Kugonga kwanza, kukagua saini baadaye.

Msomaji mwenye akili ameshaliona kosa. Mimi sikuliona.

Mama wa Mofu alikuwa amepeleka mbegu yake ya mpunga wa kienyeji maabara kupitia kwetu, ipimwe kama inaota na kama haina ugonjwa. Mwaka uliotangulia alimwaga mbegu isiyoota, akakaa msimu mzima akitazama magugu. Safari hii aliapa kutomwaga punje kabla ya majibu. Lakini shamba lake lipo bondeni, na mvua zilikuwa zimeanza. Ukichelewa huko, maji huingia kabla mpunga haujainua kichwa.

Akawa anakuja kila baada ya siku mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Imekuja?"

"Bado, mama. Maabara wana mambo mengi."

Hayo ya maabara niliyatunga mwenyewe. Siku ya kumi na moja alikuja miguu imejaa tope, akakataa kiti. Mama wa masjala akaona aibu kuliko mimi, akapiga simu maabara. Wakamjibu kwamba majibu walishayatuma siku kumi na moja zilizopita, mara tu vipimo vilipokwisha.

Nikafungua Mahabusu kwa mara ya kwanza. Zilikuwamo zote: ya maabara, za wilayani, za vyama wenzetu, kila mtu mwaminifu aliyejali kutia saini, na kila moja imegongwa muhuri wetu. Mlinzi wangu aliandika juu ya barua za watu, kisha akawakamata kwa kosa la kuandikiwa. Wakati huohuo tangazo la dawa ya kuotesha nywele, lisilo na saini ya mtu yeyote, lilikuwa limepita salama hadi kwa mwenyekiti.

"Si mama ulitaka muhuri?" nilisema.

"Mimi hugonga pembeni mwa karatasi, mtoto wewe! Nimewahi kuchokonoa barua ya mtu ndani?" Kisha akamgeukia mgeni. "Msamehe. Kasoma sana huyu."

Nikamsomea majibu. Mbegu ilikuwa nzima, inaota vizuri. Mama wa Mofu alisikiliza hadi mwisho.

"Kule chini maji yameshaingia," alisema. "Ningemwaga wiki iliyopita."

Nilimsogezea tena kile kiti. Hakukitazama.

"Basi nitatia kitalu pale juu nyumbani," akaendelea, "miche ikirefuka tuihamishe majini. Kazi ya mgongo hiyo, na mimi mgongo sina. Utakuja, baba."

Halikuwa swali. Mchana ule nilibadili mpangilio wa proksi: ikague kwanza barua kama ilivyotoka kwa mwenyewe, na muhuri tukauhamishia kwenye daftari la masjala. Ilichukua dakika kumi. Majuma manne baadaye nilikuwa Mofu, maji magotini, nikichomeka miche mmojammoja kwenye tope, nikiionea fahari safu yangu iliyopinda. Nilipogeuka kuitazama, nilimkuta mama nyuma yangu, ameinama na mgongo wake ule, akiichomoa miche yangu taratibu na kuipanda upya.